Wanafunzi wa tiba waachiwe washike

Huku kwetu Timbwani, Likoni, ukienda kituo cha afya na mtoto anayeharisha, anayekupokea mara nyingi ni afisa wa kliniki. Sisi twamwita daktari tu, na kazi yenyewe ndiyo hiyo: kusikiliza, kupima, kuandika dawa, kushona jeraha. Husomea diploma miaka 3, kisha mwaka mzima wa mazoezi hospitalini kabla ya leseni.

Shida ya mafunzo yao iko wodini. Nimekaa kitandani na mgonjwa wangu nikaona kundi zima la wanafunzi limetuzunguka, mmoja kashika kanula ya kuwekea dripu, wengine waandika daftarini. Jamani, mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji haujulikani kwa kuandika! Yataka ufunge mpira mkononi, upapase kwa kidole, uingize sindano kwa mlalo, uone damu ikirudi ndipo usukume. Sanamu ya mazoezi chuoni yafaa kuanzia, lakini hailii wala haichezeshi mkono.

Nashauri wanafunzi wapelekwe zaidi hospitali ndogo kama zetu za Likoni, wawili watatu kwa mwalimu mmoja, na mwalimu huyo apunguziwe foleni ya wagonjwa siku hiyo. Huwezi kumsimamia mtu huku watu hamsini wakikungoja mlangoni. Na mgonjwa aulizwe kwanza. Kina mama wa huku hawakatai wakiombwa kwa adabu, wakaambiwa huyu ni mwanafunzi na mwalimu wake yupo papa hapa.