Faini Isiyoisha ni Adhabu ya Umaskini
Na Zuhura Mwinyimkuu

Mwaka 2007 mwanamke mmoja Mweusi wa mji wa Ferguson, jimbo la Missouri nchini Marekani, aliegesha gari vibaya. Alitozwa dola 151 pamoja na ada. Alikuwa hohehahe, wakati mwingine hana hata pa kulala. Kila aliposhindwa kufika mahakamani au kulipa, alibandikwa shtaka jipya na faini mpya. Alipopeleka dola 25, kisha 50, mahakama ilimrudishia: ilitaka deni lote kwa mpigo. Kufikia Desemba 2014 alikuwa amelipa dola 550, amelala mahabusu siku sita, na bado anadaiwa dola 541.

Hayo yamo katika ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya Machi 2015, iliyotolewa baada ya polisi wa mji huo kumuua kijana Michael Brown. Weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi, lakini asilimia 93 ya waliokamatwa. Ripoti ilionyesha pia chanzo: viongozi wa manispaa waliwasukuma polisi na mahakama waongeze makusanyo ili kujaza bajeti. Hakimu akishafanywa mkusanya mapato, haki itatoka wapi?

Wapo watakaosema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini dola 151 kwa mwenye mshahara mnono hukwaruza gome tu. Kwa fukara hukata shina.

Dawa inajulikana. Tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bearden dhidi ya Georgia, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza kumpeleka mtu jela kwa kushindwa kulipa faini bila kwanza kuchunguza kama uwezo anao. Finland imekuwa ikipima faini kwa kipato cha mkosaji tangu 1921. California ilifuta ada 23 za mashtaka ya jinai mwaka 2021.

Nasi tuliozoea hukumu ya "faini au kifungo" tusijione tuko mbali. Mwenye nacho hulipa akaenda zake. Asiye nacho hupanda karandinga, na kosa ni lile lile. Mahakimu wetu waulize kipato kabla ya kutamka kiasi, waruhusu malipo kwa awamu, na serikali isitegemee faini kuendesha ofisi zake.