Kuni za mama zikaushwe kabla ya mvua

Msomaji, ikiwa ulizaliwa Nuu, au kwingineko Ukambani, na riziki yako iko Nairobi, huenda wewe unapikia gesi ilhali mama yako mzazi anapikia mafiga matatu. Hiyo si aibu. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kama asilimia 55 ya familia nchini Kenya hutegemea kuni, na mashambani ni nyingi zaidi. La kusikitisha ni kuwa tumeuzoea moshi wa jikoni hata tunaudhania ni sehemu ya mapishi.

Moshi ni kuni ambazo hazikuungua. Ukuni ukipata joto hutoa gesi. Gesi hiyo ikikutana na hewa ya kutosha na moto mkali, huwaka ikawa mwali wa kuivisha chakula. Isipowaka, hupaa ikiwa moshi, ikamwingia mpishi machoni na kifuani na kuacha masizi kwenye paa. Mama anayekohoa jikoni amepata hasara mara mbili: kifua chake kinaumia, na kuni alizobeba mgongoni kutoka mbali zimepotea hewani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Wakubwa huugua moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na kikohozi kisichokwisha. Watoto huuawa zaidi na homa ya mapafu, kwa kuwa aliyefungwa mgongoni mwa mpishi huvuta moshi ule ule. Mtoto wa kati ya miezi miwili na mwaka mmoja akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au yule wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Wengi wetu hudhani dawa ni kununua jiko jipya na kulituma kwa basi. Mimi sipingi majiko bora. Lile la Maendeleo, lenye kigae cha udongo kilichojengewa pale pale mekoni, limesaidia wengi tangu miaka ya themanini. Lakini jiko peke yake halitoshi. Nchini Malawi, watafiti walizipa familia majiko yenye moshi mdogo na kufuatilia watoto zaidi ya 10,000. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 hayakuonyesha kupungua kwa homa ya mapafu.

Hapa kwetu, utafiti uliofanywa Laikipia na kuchapishwa mwaka 2001 uligundua jambo ambalo mpishi yeyote angekuambia: moshi hauji kwa kiwango kimoja siku nzima. Huja kwa vishindo, moto unapowashwa, unapochochewa au unapozimika, na wakati huo ndipo mama huwa ameinama juu yake. Kwa hivyo namna ya kuukoka moto ni jambo la afya.

Kwanza ukavu. Ukuni uliokatwa juzi una maji mengi, na joto huishia kuyachemsha hayo maji badala ya isyo. Kuni zichanjwe nyembamba, unene wa kidole gumba hadi wa kifundo cha mkono, kisha zipangwe juu ya mawe chini ya paa, upepo upite kati yake. Gogo zima lililosukumwa kati ya mafiga hufuka tu.

Wakati wa kuwasha, jivu lililojaa liondolewe ili hewa ipite chini. Anza na vijiti vikavu. Vipande vya jerikeni na raba kuukuu visitumiwe kamwe, kwani moshi wake ni sumu kali zaidi. Kuni ziungue kwenye ncha na zisukumwe kidogo kidogo. Mwali uguse kitako cha sufuria, na kifuniko kiwe juu. Muthokoi na maharagwe yakilowekwa usiku kucha, saa za kukaa motoni hupungua sana. Chakula kikiiva, kuni zitolewe na kufukiwa mchangani, zisiachwe zikifuka hadi jioni.

Utauliza, mbona nisimnunulie mama gesi? Mnunulie, ndiyo safi kuliko zote. Lakini muthokoi hukaa motoni saa nyingi na mtungi hujazwa kwa pesa taslimu. Wengi huishia kuchemshia chai kwa gesi na kurudi kwenye mafiga kwa chakula kizito. Makaa nayo hayana moshi mwingi, ila hutoa gesi isiyo na harufu inayoua waliolala chumba kilichofungwa.

Nina neno pia kuhusu ujenzi. Tunajenga nyumba ya mawe yenye vioo kwa ajili ya wageni, na nyuma yake jiko lina mlango mmoja tu. Mwambie fundi atoboe madirisha mawili yanayokabiliana na aache nafasi kati ya ukuta na bati. Gharama yake ni ndogo kuliko ya lango la chuma.

Tatizo letu wana wa mjini ni kwamba twenda nyumbani Desemba. Wakati huo mvua za Oktoba hadi Desemba zimeshalowesha kila kitu, kuni zinafuka, nasi twafuta machozi na kusema mapishi ya kienyeji ndivyo yalivyo. Nenda Agosti, wakati wa kiangazi, matawi makavu yakipatikana. Chukua shoka, panga na mabati matatu au manne, ushinde siku mbili ukichanja na kumjengea mwaitu kibanda cha kuni, ili mvua zikianza zikute kuni zimeshapangwa.