Nuru ya Dhahabu na Nahodha Asiye na Uso

Januari iliyopita, upepo wa kaskazi ukivuma, nilipanda mashua kutoka Mbudya kurudi Kunduchi pamoja na vijana wapiga picha. Jua lilikuwa mbele yetu likizama nyuma ya minazi ya bara, na maji yote yakawa dhahabu. Kijana mmoja akamwomba nahodha amwachie msaidizi usukani, asimame penye mlingoti, asigeuke. Nahodha akatii. Picha ikatoka nzuri mno: tanga, jua, na kivuli cheusi cha mtu.

Sigombi na uzuri wa picha ile. Nagombana na kile kivuli. Mtu yule alikuwa na uso, na kwa uso ule alikuwa akiusoma upepo uliotufikisha salama.

Wapo watakaosema kwamba uzuri ni uzuri, haudaiwi zaidi. Nawauliza: ni uzuri wa nani? Mvuvi wa dagaa huwavuta samaki kwa taa. Mbalamwezi ikijaa, samaki hutawanyika, naye huanika nyavu akalala na madeni. Usiku tunaousifu sisi ndio usiku anaokosa riziki. Nuru kwake ni hesabu kabla haijawa pambo.

Maradhi haya yametuingia na sisi washairi. Nasoma tungo za bahari zilizojaa machweo, lakini hamna foromali, hamna joshi, hamna mtu anayekwenda bisho. Kaskazi na kusi zimebaki kuwa vina tu. Bahari iliyotupa msamiati wetu tumeigeuza pazia la studio.

Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa hifadhi mwaka 1975, ili viumbe wake walindwe. Maneno ya mabaharia hayana hifadhi ila vinywa vya wazee wa Kunduchi na Kigamboni, na tungo zetu. Vinywa vile vinafumba kimoja kimoja. Tungo nazo zikinyamaza, wajukuu watarithi picha wasizoweza kuzisoma.

Nami simo nje ya lawama. Jioni ile niliandika beti sita za dhahabu tupu. Nilizichana, na wiki ya pili nikarudi Kunduchi kumwuliza nahodha ile kamba ya kuongozea tanga inaitwaje.

Akacheka. “Demani, mzee wangu. Si ndiyo uliyokuwa umeikalia?”