Muuzaji wa picha, tuandikie mwaka wa kuchapwa

Ninafanya kazi Jimbocho, mtaa wa Tokyo wenye maduka mengi ya vitabu vya zamani, na sehemu ya kazi yangu ni kukagua picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao. Ndugu na marafiki wanaozinunua kupitia intaneti hunitumia swali lilelile: hii ni ya Hiroshige kweli? Muuzaji kaandika jina la msanii na “karne ya 19”, basi. Msimamo wangu ni kwamba tangazo linalotaja msanii na kuficha mwaka karatasi ilipochapwa linapotosha, na mnunuzi asilikubali.

Msanii wa zama za Edo alichora tu. Mchongaji alichonga mbao, mchapaji akapaka rangi na kusugua karatasi kwa bareni, kisahani cha kusugulia, na mchapishaji ndiye aliyegharamia na kuuza. Mbao zikidumu, kazi iliendelea hata msanii akiwa kaburini. Zikichakaa, zilichongwa nyingine. Picha maarufu ya wimbi ya msanii Hokusai ilitoka mwaka 1831 hivi. Machi 2023, nakala moja ya zamani iliuzwa kwa dola milioni 2.76 katika mnada wa Christie’s, New York. Nakala iliyochapwa kwa mbao mpya karne hii haifiki hata sehemu ya mia ya bei hiyo, na bado kwenye tangazo zote mbili huitwa za Hokusai.

Wanunuzi wengi hukimbilia mihuri. Ni kweli, mhuri wa ukaguzi wa serikali uitwao kiwame ulitumika kuanzia miaka ya 1790 hadi 1842, na baadaye ikaja mihuri ya mwaka yenye ishara ya mmoja wa wanyama 12 wa kalenda. Lakini mihuri hiyo ilichongwa kwenye ubao pamoja na mchoro, kwa hiyo anayechonga ubao mpya huichonga pia. Inakueleza mchoro uliidhinishwa lini. Umri wa karatasi uliyoshika utautafuta kwingine.

Mimi huanza na mgongo wa picha. Karatasi ya kozo, mti wa jamii ya mforosadi, ina nyuzi ndefu zinazoonekana ukiiinua kwenye mwanga. Nyuma yake huonekana rangi iliyopenya na mikwaruzo ya bareni. Kisha nachukua kioo cha kukuzia: nikikuta vinukta vidogo vilivyopangwa safu, hiyo ni kazi ya mashine. Mistari ya nakala za mwanzo ni myembamba na mikali. Ubao ukichoka, mistari hiyo hukatika. Katika wimbi la Hokusai, tazama mistari ya kisanduku chenye jina la picha. Mwisho naangalia kingo kama zimepunguzwa, gundi, na rangi zilizofifia kwa jua, maana rangi iliyokwisha kuondoka hairudi. Hakuna hata kimoja cha hivyo utakachokiona vizuri picha ikiwa ndani ya fremu.

Picha za karne ya 20 nazo zina mtego wao. Tetemeko la ardhi lililoikumba Tokyo mwaka 1923 na moto uliofuata viliteketeza duka la mchapishaji Watanabe Shozaburo pamoja na mbao za msanii Kawase Hasui, ndiyo sababu kazi za Hasui za kabla ya hapo ni adimu. Zile za baadaye ziliendelea kuchapwa hata baada ya kifo chake mwaka 1957, na mhuri wa mchapishaji ulibadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Hapo mhuri unasaidia kweli, na muuzaji aliyebobea anaujua.

Sizidharau nakala mpya. Nyingi huchapwa kwa mikono ya mafundi hodari, na kwa anayeanza kukusanya ni ununuzi mzuri. Ninachokipinga ni kuziuza kwa bei ya kale kwa kutegemea ukimya. Kabla hujalipa, dai mambo matatu kwa maandishi: mwaka wa kuchapwa, kama mbao ni za awali au zilichongwa upya, na picha ya mgongo nje ya fremu. Muuzaji asiyeweza kuyatoa hajathibitisha ukale wa mali yake, basi mlipe bei ya nakala mpya au uache.