Mwamba upimwe kabla ya ahadi

Utafiti wa mafuta na gesi unaosimamiwa na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) katika bonde la Eyasi Wembere unagusa mikoa kadhaa, Shinyanga ukiwamo. Kwa mji kama Kagongwa, wilayani Kahama, unaoishi kwa mpunga na mchele, habari ya gesi ina sura mbili: ajira na nishati ya bei nafuu, au mashamba na maji kugombewa. Ni vema basi wananchi wakafahamu jinsi mwamba wa gesi unavyopimwa.

Gesi ya kawaida, kama ile ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalishwa 2004, hukaa katika mwamba wenye vitundu na hutoka yenyewe kisima kikichimbwa. Ipo nyingine iliyobanwa ndani ya mwamba wa tope lililoshindiliwa kwa mamilioni ya miaka. Hiyo haitoki mpaka mwamba upasuliwe kwa maji, mchanga na kemikali vinavyosukumwa kwa nguvu kubwa. Marekani imefaidika nayo sana.

Mwamba wa aina hii hupimwa kwa maswali manne. Je, una mabaki ya viumbe na mimea ya kutosha, yaani kaboni yake ifike walau asilimia 2 ya uzito? Je, umepikwa na joto la ardhini kiasi cha kutoa gesi, bila kuungua kupita kiasi? Je, unene wake unafika makumi ya mita? Je, unapasuka kirahisi, au umejaa udongo wa mfinyanzi unaonyumbulika? Jibu moja likiwa baya, linatosha kuua mradi.

Kwa kipimo hicho, Kahama yenyewe haina cha kutarajia. Miamba yake ya dhahabu, kama ya Bulyanhulu na Buzwagi, ni ya volkano na matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mashapo yapo upande wa Wembere, lakini ni machanga kijiolojia, na huko kinachotafutwa ni mafuta na gesi ya kawaida.

Poland ni funzo. Mwaka 2011 wataalamu wa nishati wa Marekani walikadiria nchi hiyo ina futi za ujazo trilioni 187 za gesi ya mwamba wa tope. Mwaka 2012 taasisi ya jiolojia ya Poland ilishusha makadirio hadi kati ya trilioni 12 na 27. Visima vilichimbwa, matokeo yakawa hafifu, na makampuni makubwa yakafungasha virago.

Lipo pia suala la maji. Kisima kimoja cha kupasua mwamba huweza kutumia lita milioni 10 hadi 20, sawa na hekta moja au mbili za mpunga kwa msimu. Si mengi kwa kisima kimoja, lakini eneo la gesi huhitaji mamia ya visima, na maji yanayorudi juu huwa machafu. Kahama hutegemea maji yanayovutwa kwa bomba kutoka Ziwa Victoria.

TPDC haina budi kutangaza matokeo ya sampuli za Wembere, mazuri na mabaya, kwa lugha inayoeleweka vijijini. Ukimya huwapa madalali wa ardhi nafasi ya kununua mashamba kwa bei ya kutupa, au kumfanya mkulima aache kuliendeleza shamba akingoja fidia isiyokuja.

Wakati huo huo, taifa limekwishatangaza zaidi ya futi za ujazo trilioni 57 za gesi, nyingi zikiwa chini ya bahari. Gesi hutengeneza urea. Fedha za umma zielekezwe kwanza huko. Mfuko wa mbolea ya bei nafuu utamfaa mkulima wa Kagongwa mapema kuliko gesi ambayo mwamba wake haujapimwa.