Tuhesabu Kwanza, Ndipo Tuchimbe

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mtumishi wa umma hahitaji kufafanuliwa usemi huo. Mwalimu mkuu anapohamishwa hukabidhi shule kwa orodha: madawati mangapi, vitabu vingapi, majembe mangapi. Bohari isiyo na leja hushukiwa wizi hata kabla mwizi hajaonekana. Hata hivyo wako miongoni mwetu ambao, inapofika zamu ya miti, wanyama, ndege na samaki wa nchi hii, huona kuwa orodha yake ni karatasi ya kukamilishia jalada tu.

Jambo hili lawahusu hasa wananchi wa Shinyanga na Geita. Almasi ilianza kuchimbwa Mwadui mwaka 1940. Mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000, katika eneo linaloingia ndani ya Msitu wa Hifadhi wa Geita. Bulyanhulu ulifuata mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Wala si kwamba habari imekwisha, kwani leseni huendelea kuombwa, kubwa na ndogo.

Hatuandiki haya kwa nia ya kuupinga uchimbaji. Taifa linahitaji fedha za dhahabu, na vijana wanahitaji kazi. Hoja yetu ni kwamba viumbe walio hatarini kutoweka wahesabiwe kabla ya mtambo wa kwanza kuwasili, na wahesabiwe kwa ukamilifu.

Sheria haina utata. Katiba, katika Ibara ya 27, inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla ya mradi kuanza au kugharimiwa. Neno lenye uzito hapo ni «kabla».

Anayetaka kujua gharama ya kuchelewa na atazame Kihansi, kusini mwa nchi, ambako Taifa lilijenga bwawa la umeme. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, wataalamu waligundua chini ya maporomoko chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyetaga mayai bali huzaa, na asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Makao yake yalikuwa kama hekta mbili tu za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalikoma. Ikabidi kufunga mabomba ya kunyunyizia maji mlimani, na mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakasafirishwa hadi Marekani kwenda kutunzwa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo ametoweka katika makao yake ya asili, na mwaka 2012 ndipo walipoanza kurudishwa. Umeme tulikuwa tunauhitaji, na hakuna anayekana. Lakini laiti orodha ingalitangulia, mitambo na manyunyu vingalipangwa pamoja tangu siku ya kwanza.

Mtu aweza kusema kwamba Kihansi ni mlima wenye msitu mnene, na Shinyanga ni nchi kavu isiyo na cha kupoteza. Huko ni kutoijua Shinyanga. Ni kweli kwamba miti yake mingi ilifyekwa zamani za ukoloni kwa ajili ya kupambana na mbung'o, na baadaye kwa ajili ya pamba, kuni na malisho. Lakini mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ambao uliwarejesha wananchi kwenye desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili. Maelfu kwa maelfu ya hekta yalifunikwa tena na miti. Watafiti walipoingia katika ngitili hizo walihesabu aina zipatazo 150 za mimea na aina zipatazo 145 za ndege. Mgeni apitaye barabarani huona pori tupu. Mzee wa kijiji huona dawa, malisho ya kiangazi, asali, kuni na miti ya kujengea.

Basi tathmini iliyo ya kweli hufanywaje? Kwanza, haiwezi kumalizika kwa safari moja. Mvua za ukanda huu huanza mwishoni mwa mwaka na kwisha karibu na mwezi Mei. Mtaalamu anayekuja Agosti peke yake hatawasikia vyura, wala hatayaona maua ya mimea inayojificha ardhini wakati wa kiangazi. Pili, mchana hautoshi, maana kakakuona, ambaye yumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini, hutembea usiku. Tatu, tathmini isikomee kwenye uzio wa mgodi. Mwezi Novemba mwaka 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa Mwadui zilibomoka, na tope likayafikia makazi na mashamba ya wananchi. Tope halisomi ramani ya leseni. Vijito vya Geita huelekea Ziwa Victoria, ambamo samaki aina ya ngege, aliyekuwa chakula cha wazee wetu, amekuwa haba mno. Tumbusi na korongo mwenye taji, ambao nao wamo katika orodha hiyo ya dunia, huruka kutoka bonde moja hadi jingine bila kuuliza mpaka.

Iko sababu nyingine ya kuhesabu. Kila mgodi una mwisho. Buzwagi ulianza mwaka 2009 na kusimamisha uzalishaji mwaka 2021, yaani miaka 12 tu, ilhali mninga huhitaji zaidi ya miaka 50 kufikia ukubwa wa kupasuliwa mbao. Siku mgodi wowote unapofungwa, mwenye leseni hutakiwa kuirudisha ardhi katika hali njema. Je, hali ipi, ikiwa haikuandikwa? Atapanda mikaratusi kwa safu, atasema amerudisha msitu, na afisa wetu hatakuwa na karatasi ya kumpinga.

Wapo wanaolalamika kwamba tathmini huchelewesha maendeleo. Tunawajibu kwamba dhahabu haiozi. Imekaa ardhini tangu zama ambazo hakuna azijuaye, na ikingoja msimu mmoja wa mvua itakutwa pale pale. Mti wa mwisho wa aina yake ukishang'olewa hauna msimu wa kuungoja.

Wajibu huu ni wetu sote. Afisa anayepokea ripoti aulize: ni miezi gani timu ilikuwa porini, nani aliifuatana nayo, na wazee wa vijiji gani walihojiwa? Ripoti isiyojibu irudishwe. Muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili na usomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, kwani huwezi kumshirikisha mwananchi kwa lugha asiyoifahamu. Maafisa madini wawafundishe wachimbaji wadogo nao, ambao hukata magogo mengi ya kuegemezea mashimo yao.

Walimu nao wana kazi isiyohitaji bajeti. Katika kila shule iliyo jirani na eneo linalotafutwa madini, lifunguliwe daftari moja. Wanafunzi wafuatane na wazee hadi kwenye ngitili, waandike jina la kila mti na ndege kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, mahali alipoonekana, na tarehe. Daftari hilo haliwezi kuchukua nafasi ya kazi ya mtaalamu, lakini mtaalamu atakapofika atakuta kijiji kinachojua kilicho nacho, na ambacho kitatambua mara moja kilichoachwa nje ya orodha yake.