Kipimo kikisema mtoto ana taifodi, uliza kwanza

Jirani yangu ana binti wa miaka 6. Tangu mwaka uanze, mtoto huyo ameambiwa mara tatu kwamba ana taifodi. Kila akishikwa na homa anapelekwa zahanati, anatolewa damu, na majibu yanarudi yaleyale: malaria hakuna, taifodi ipo. Mara ya kwanza alipewa dawa ya kunywa. Mara ya pili na ya tatu alichomwa sindano siku tano mfululizo. Homa inapoa, wiki chache baadaye inarudi.

Juzi mama yake alinijia na karatasi tatu mkononi. "Dada, hii taifodi ya mwanangu mbona haiishi?"

Nilizisoma. Zote tatu zilikuwa na neno Widal, na pembeni yake namba 1:160. Wazazi wengi tumewahi kupewa karatasi ya aina hiyo, tukailipia na kwenda dirisha la dawa bila kuuliza namba ile ina maana gani. Leo tuiulize.

Kijidudu kikiingia mwilini, mwili hutengeneza askari wa kupambana nacho. Askari hao huitwa kingamwili. Vita ikiisha, hawaondoki wote siku hiyohiyo. Baadhi hubaki kwenye damu kwa miezi, wengine hata miaka.

Kipimo cha Widal, ambacho kina jina la daktari Mfaransa Georges-Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896, kinatafuta hao askari. Mtaalamu wa maabara huchukua majimaji ya damu ya mtoto na kuyachanganya na bakteria wa taifodi waliokwisha kuuawa. Kama kuna kingamwili zinazowatambua, bakteria hugandana na kufanya vibonge vidogo. Namba 1:160 ina maana kwamba majimaji hayo yalizimuliwa mara 160 na bado vibonge vilionekana.

Shida inaanzia hapo. Askari wanaweza kuwa wamebaki kutoka vita ya zamani. Mtoto aliyeugua taifodi mwaka jana, au aliyepata chanjo yake, anaweza kuonyesha majibu hayohayo akiwa na mafua tu. Bakteria wengine wa ukoo wa Salmonella nao huchokoza kingamwili zinazofanana, na hata malaria inaweza kuvuruga majibu. Kwa upande mwingine, mtoto mwenye taifodi ya kweli anaweza kupimwa siku za mwanzo na asionekane na kitu, kwa sababu mwili huhitaji takribani wiki moja kuandaa askari wa kutosha.

Ndiyo maana kipimo kimoja cha Widal, peke yake, hakitoshi kuthibitisha taifodi. Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, yaani kuiweka kwenye chupa maalumu ili bakteria, kama wapo, wakue na waonekane. Huchukua siku kadhaa, si kila kituo kinaweza kukifanya, na chenyewe hukosa baadhi ya wagonjwa. Ni vizuri damu hiyo ichukuliwe kabla mtoto hajaanza antibiotiki.

Utauliza, je, kile kipimo cha haraka cha malaria? Hicho hufanya kazi kwa namna tofauti. Kwenye kile kijikadi zimewekwa kingamwili zilizotengenezwa kiwandani, nazo hukamata protini ya kimelea chenyewe. Kwa hiyo kinamtafuta adui. Hata hivyo, vingi vya vipimo hivyo vinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa sababu mabaki ya protini hayajaisha kwenye damu. Kama mtoto alimaliza dozi karibuni, mwambie mhudumu.

Sisemi taifodi haipo. Ipo, inatokana na maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na ikiachwa inaweza kutoboa utumbo na kuua. Ninachosema ni kwamba, ukipewa majibu ya Widal, uliza maswali haya kwa upole:

Je, dalili za mtoto zinafanana na taifodi, au ni karatasi tu inayosema?

Kuna kitu kingine kinachoweza kuleta homa hii, kama mkojo, masikio, koo au kifua?

Tunaweza kuotesha damu kabla ya kuanza dawa, au kupewa rufaa pa kufanyia?

Mwambie pia kama mtoto aliwahi kuugua taifodi, kuchanjwa, au ameshakunywa dawa yoyote nyumbani. Na usiongeze dozi ya duka la dawa kwa karatasi ya zamani. Antibiotiki zikitumiwa ovyo, bakteria huzizoea, na siku mtoto akizihitaji kweli hazitamsaidia.

Lakini kama mtoto anapata degedege, anatapika kila kitu, hawezi kunywa wala kunyonya, au amelegea na haamki vizuri, usikae kuhoji karatasi. Kimbilia hospitali.

Yule binti alipelekwa hospitali kubwa kabla ya dozi ya nne. Daktari alimpapasa tumbo, akauliza kama analalamika akienda chooni, akaagiza mkojo upimwe na kuoteshwa. Lilikuwa ni ambukizo la njia ya mkojo. Zile sindano zilikuwa zikilipunguza bila kulimaliza, na ambukizo la namna hiyo likijirudiarudia linaweza kuumiza figo.

Mama yake bado anazo zile karatasi tatu. Nimemwambia asizitupe, azibebe kila wanapokwenda kliniki. Historia ya mtoto nayo ni kipimo.

Tukutane wiki ijayo.